Hylomar ya bluu na gasketi isiyotulia: tathmini baada ya kufunga pampu ya maji

Hivi karibuni nilibadilisha pampu ya maji ya Land Rover Defender yangu, yenye injini ya 300Tdi, nikiwa uani nyumbani Sakina, Arusha. Kilichonisumbua kuliko vyote hakikuwa kufungua feni, ambayo nati yake ya milimita 32 hulegea kwa kuzungushwa kulia badala ya kushoto, bali kuifanya gasketi ya karatasi, ile inayoziba maungio ya pampu na injini, itulie mahali pake hadi bolti zishike. Uso wa kufungia umesimama wima, nafasi ni finyu, mkono mmoja umebeba pampu na mwingine unapapasa tundu usiloliona. Gasketi ikihama milimita mbili tu, utajua baada ya kujaza rejeta, tone la kwanza likikudondokea kwenye kiatu.

Kwa kazi hiyo nilinunua tyubu ya Hylomar Universal Blue, dawa ya kupaka kwenye gasketi ili inate na kuziba, katika duka moja la spea karibu na soko la Kilombero. Muuzaji alinitolea kwanza silikoni, akiniambia, "Kaka, mafundi wote wa Unga Limited wanachukua hii." Sina ugomvi na silikoni pale ambapo mtengenezaji wa gari ameiagiza, lakini haifai kushikilia gasketi, kwa sababu ikiwa mbichi huteleza na kuisukuma gasketi nje kadiri bolti zinavyokazwa, na ile inayozidi hubanwa kuingia ndani, ikakauka na siku moja kukatika. Miaka miwili iliyopita, baada ya gereji moja mjini kunifungia thamostati, nilitoa ndani yake kipande cha silikoni kirefu kama tambi iliyoiva. Upande wa oili hali huwa mbaya zaidi, kwani vipande hivyo huenda kuziba chujio la pampu ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Hylomar ni bidhaa ya Uingereza, na asili yake ni mahitaji ya injini za ndege za Rolls-Royce. Sifa yake kuu ni kwamba haigandi: hubaki ikinata na kunyumbulika, na huhimili joto la hadi nyuzi 250 za Selsiasi. Kwa hiyo kuiita gundi, kama nilivyofanya dukani, si sahihi sana. Ni nzito kama asali ya asubuhi ya Julai hapa Arusha, na ukiinua tyubu huacha nyuzi nyembamba za bluu kama utando wa buibui, zikanasa kwenye spana, kwenye saa na kwenye ndevu za anayeinama kuchungulia.

Nilikwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa uangalifu, maana aluminiamu huchubuka upesi, kisha nikapangusa nyuso zote kwa tina hadi kitambaa kikatoka kikavu na cheupe. Nilipaka utando mwembamba kwa kidole upande mmoja wa gasketi, nikasubiri kama dakika kumi ili kiyeyushi kipae, halafu nikaibandika kwenye pampu. Niliigeuza pampu kifudifudi na kuitikisa, gasketi haikusogea. Upande wa pili niliupaka mwembamba zaidi, nikapachika bolti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja, kisha nikakaza kwa kupishanisha pande.

Haki inanilazimu kusema kwamba grisi kidogo ingetosha kwa gasketi ya karatasi kama hii, na karibu kila nyumba yenye gari ina kopo lake. Gasketi ya sampu, ambayo hufungwa kutoka chini na huning'inia kama kanga kwenye kamba, mimi huifunga kwa uzi wa pamba kupitia matundu mawili ya bolti, kisha huuvuta uzi kabla ya kukaza. Na kifaa kikiwa kizito, hakuna cha kupaka kinachoshinda bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa na kuchongwa mfereji wa bisibisi, zikatumika kama reli ya kuongozea.

Hylomar usiitumie kuficha uso uliopinda, wala usiipake kwenye gasketi ya silinda hedi ya injini hii. Ile hufungwa kavu, hushikiliwa na pini za bloku, na unene wake husomwa kwa matundu madogo yaliyotobolewa pembeni. Nimeona mtu akiipaka silikoni pande zote mbili kwa nia njema kabisa, na sikupata la kumwambia.

Bei ndiyo iliyonikwaza, kwa kuwa nililipa takriban mara nne ya tyubu ya silikoni. Nilianza kutoijutia siku ya tatu, nilipolazimika kuifungua pampu tena kwa sababu nilikuwa nimesahau kurudisha kishikio cha bomba nyuma yake. Gasketi ilibanduka nzima bila wembe, mabaki yakafutika kwa asetoni, na nikairudisha ileile. Tangu hapo gari limekwenda Moshi na kupanda hadi Marangu likiwa na mzigo, na kadibodi ninayoilaza chini yake usiku bado ni kavu. Tyubu ina zaidi ya nusu, ingawa kifuniko chake sasa hakifunguki bila koleo.