Usukani wa kujitengenezea kwa dau dogo: uzoefu wangu wa kusi moja Mikindani

Dau langu lina urefu wa futi 15. Nililinunua likiwa na usukani wake wa zamani, ubao wa mkongo, bapa, umening'inizwa kwenye shetri, yaani nyuma ya chombo, kwa bawaba mbili za chuma. Uimara ulikuwa nao. Shida ilikuwa uzito wa kana, ule mti wa kushikia usukani. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likikolea, kutoka Mikindani mpaka mlango wa ghuba nilikuwa naishika kwa mikono miwili, na bega linauma mpaka kesho yake. Tena usukani ule ulizidi mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, kwa kina cha shibiri mbili, na huku kwetu maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yakipwa mafungu ya mchanga yanatokeza kila upande. Niligonga fungu mara mbili. Mara ya pili bawaba ya chini iling'oka na kupasua ubao wa shetri.

Nikaamua kutengeneza usukani wenye ulimi unaopanda. Kichwa, yaani sehemu ya juu, kinabaki kwenye bawaba, na ulimi, ubao wa chini unaozama majini, unazunguka kwenye bolti moja, ukigusa mchanga unainuka wenyewe.

Ulimi ni wa mninga, vipande vitatu nilivyovigandisha kwa epoksi, nyuzi za mbao nikizipishanisha ili usipinde. Upana ni sm 28, na unene sm 3.4 pale palipo panene zaidi. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Sehemu nene haikai katikati, inakaa karibu theluthi ya upana kutoka ukingo wa mbele, kisha ubao unakonda pole pole kwenda nyuma. Mtazame jodari kwa juu, umbo ni lile lile. Nilikata kigezo cha boksi la karatasi, nikawa nakiweka juu ya ubao kila nikipitisha randa mara nne tano. Siku tatu nzima, na msasa siku ya nne. Mjomba wangu, mvuvi tangu ujana wake, aliupima kwa kiganja akasema, "Mpwa wangu, huu umeukondesha mno." Nikamwambia, "Mjomba, tuutie maji kwanza."

Siku ya kwanza ulielea. Mbao ni mbao. Nikatoboa tundu karibu na ncha, nikamimina risasi ya nyavu niliyoiyeyusha, kama kilo moja na nusu, na juu nikafunga mpira wa tairi la ndani uuvute ulimi ushuke lakini uachie ukigonga.

Baada ya hapo nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilifunga mizani ya kupimia samaki kwenye ncha ya kana nikavuta nayo, upepo ule ule, tanga lile lile. Usukani wa zamani ulisoma kilo 6. Mpya, kilo 2 kasoro. Sababu ni kwamba nguvu ya maji hukusanyika karibu robo ya upana wa ulimi kutoka mbele, yaani sm 7, nami niliuweka ulimi ukishuka kabisa utangulie mstari wa bawaba kwa sm 5. Pengo linalobaki ni sm 2 tu, na nililiacha makusudi ili mkono uendelee kukihisi chombo. Kubisha, yaani kugeuza chombo ili kupanda dhidi ya upepo, nako kumekuwa rahisi. Ule ubao bapa, nikisukuma kana kwa nguvu, maji yaliachana nao na dau likasimama kama limefungwa breki. Huu unageuza bila kuua mwendo.

Wiki ya pili kana ikawa nzito tena, ghafla, nikiwa nimeshatoka ghubani. Nilidhani hesabu zangu zote zilikuwa makosa na nilirudi nyumbani na huzuni. Kumbe mpira ulikuwa umelegea kwa jua na chumvi, ulimi ukawa umerudi nyuma kidogo tu, nyuzi 15 hivi. Kwa ulimi wa sm 80, katikati yake inakuwa imerudi nyuma sm 10, na uzito wote unarudi mkononi. Kwa hiyo mkitengeneza wa namna hii, mpira ubadilisheni kabla haujachoka, na wekeni alama ya rangi kichwani mjue kwa jicho kama ulimi umefika chini.

Kitu kilichoniudhi ni bolti. Duka moja liliniuzia kwa bei ya chuma kisichoshika kutu, wiki mbili ikawa nyekundu na kuubana ulimi. Nendeni dukani na sumaku. Bolti ikinaswa kwa nguvu, iacheni.

Kugonga fungu nimegonga tena, kwa kasi, maji yakiwa yanapwa. Nilisikia mkwaruzo mmoja, kana ikacheza, ulimi ukapanda, tukapita. Shetri haikuguswa.

Kwa jahazi la mizigo nisingeuamini, bolti moja haitoshi. Kwa dau au mashua ndogo ya kuvulia ningeutengeneza tena kesho. Ila dau likilala ufukweni, mchanga unaingia kati ya kichwa na ulimi na kuukwamisha, kwa hiyo kabla ya kutweka tanga mimi humwagia pale ndoo mbili za maji, nauinua na kuushusha mara tatu, ndipo naondoka.