Toroli la Spana Kuwa Meza ya Kumbadilishia Mtoto Winda: Tumelitumia Miezi Mitatu

Assalaam alaykum, karibuni. Leo siko geraji, niko nyumbani Fuoni, Unguja, na hichi kilichoko nyuma yangu wengi wenu mnakijua kwa sura. Ni toroli la spana, la chuma, jekundu, droo tano, magurudumu manne. Lakini hebu tizameni juu yake. Pana godoro dogo, pana kingo za mbao kila upande, na ubavuni inaning'inia khanga. Hapa ndipo anapobadilishwa winda binti yetu, na juzi ametimiza miezi mitatu, mashaallah. Tumelitumia mchana na usiku tangu ana siku tisa, kwa hiyo nitakwambieni lilivyotufaa na lilipotutia hofu.

Mke wangu alijifungua kwa operesheni. Aliyepitia anajua, ukirudi nyumbani kuinama ndiko kunakouma. Huku kwetu mtoto hubadilishwa kitandani au chini mkekani, na mtoto mchanga kutwa anaweza kubadilishwa mara kumi au zaidi, usiku ukiwemo. Kila mara namwona mwenzangu anashika mshono kwa mkono mmoja, mkono wa pili anamgeuza mtoto, na meno ameyauma. Mkwe wangu alikuwa nasi arubaini yote, Mungu amzidishie umri, lakini naye magoti yake si ya kupiga chini na kuinuka usiku kucha. Mimi nikirudi geraji nasimama mbele ya toroli langu, kila kitu kiko usawa wa mkono, sijipindi hata kidogo. Hapo ndipo wazo liliponijia.

Meza za watoto za kununua nilizitizama. Ziko, zinaingia na makontena, na kwa sura zinapendeza. Tabu yake nyingi zimetengenezwa kwa mbao zile za unga wa mbao uliogandishwa. Kwa hewa yetu hii, masika ikija, maji yakiingia pembeni zinavimba kama boflo lililochovywa kwenye chai. Halafu hazina magurudumu. Mama aliyefanyiwa operesheni hakai chumba kimoja, leo yuko chumbani, jioni ukumbini kuna wageni. Meza inayomfuata alipo ndiyo inayomsaidia.

Haya, kazi yenyewe. Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni kusafisha, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo mtu atakapotaka kukimbiliakimbilia. Toroli la geraji limekula grisi na oili miaka. Msilioshe kwa petroli wala mafuta ya taa. Yanaondoa uchafu kweli, lakini harufu inabaki kwenye pembe za chuma wiki nzima, na mtoto ndiyo hewa yake hiyo. Nilitumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, nikarudia mara tatu, kisha droo zote nikazichomoa nikazianika juani siku mbili. Kipimo changu kilikuwa kipande cha kanzu kuukuu nyeupe. Nafuta ndani ya droo, natizama kitambaa. Mara ya kwanza kilitoka cheusi, mara ya pili kijivu, na mara ya tatu bado kwenye kona kulikuwa na mstari mwembamba kama wanja. Nikachukua mswaki mkongwe nikaingia kwenye zile kona. Kitambaa kilipotoka cheupe ndipo nikamwambia mke wangu leta nguo za mtoto.

Reli za droo zina beringi ndogondogo, na zote zilikuwa zimejaa grisi. Nimeifuta yote, nikatia matone machache ya mafuta ya cherehani. Droo zinateleza vizuri na nguo haziingii doa.

Na rangi pia. Langu rangi yake imeshika, haikubanduka. Lakini ukikuta toroli la zamani, rangi inatoka magamba na hujui ni rangi gani, liache huko huko. Rangi za zamani nyengine zina madini ya risasi, na vumbi lake linamdhuru mtoto kwenye ubongo. Usiseme nitalipiga msasa nipake upya, kwani ukilipiga msasa ndiyo unalirusha hilo vumbi nyumba nzima.

Kamera isogee hapa juu. Ubao huu ni mfenesi, fundi seremala wa mtaani amenipigia randa. Umekaa sawasawa na toroli, hautokezi nje hata kidole. Wako watakaotaka ubao mpana zaidi, na mimi nawaomba wasifanye hivyo. Uzito ukitoka nje ya magurudumu, toroli linapinduka. Kingo zina kimo cha sentimita 12, godoro la sponji lina 5, kwa hiyo pembeni inabaki ukuta wa sentimita 7 pande zote nne. Pembe zote nimezipiga msasa hadi mkwe wangu alipopitisha kiganja na kusema basi. Ubao umefungwa kwa bolti nane kutokea chini, hakuna pahala nilipochomelea.

Godoro nimelivisha mpira. Mnaujua ule mpira wa kujifungulia unaoambiwa ununue uende nao hospitali? Tulinunua mita mbili, kilichobaki ndicho hichi. Maji hayapiti, unafutika kwa kitambaa chenye sabuni. Juu yake inatandikwa khanga, na khanga ndiyo inayofuliwa kila siku. Halafu kuna huu mkanda wa kitambaa unaopita tumboni. Mkanda upo, lakini mkono wa mtu mzima hautoki juu ya mtoto, hata kama ni kugeuka kuchukua pampasi. Wetu bado hajabiringika, lakini miezi hii mitatu, minne ndiyo wanayoanza, na hawabishi hodi.

Kimo sasa. Toroli lenyewe sentimita 86, ubao na godoro vinalifikisha 93. Mke wangu akisimama akakunja mkono, godoro liko chini kidogo ya kiwiko chake, na hicho ndicho kimo cha mtu kufanya kazi bila kujipinda. Siku ya kwanza aliyomaliza kumbadilisha mtoto, alisimama pale pale akaniambia, "Baba, sijashika mshono." Mimi hiyo siku nimeiweka moyoni. Kwa mkwe wangu, ambaye ni mfupi kuliko binti yake, limekuja juu kidogo, mabega yanapanda akifanya kazi. Kwa hiyo mpimeni atakayelitumia zaidi, kabla ya kukata mbao.

Naye mkwe wangu mwanzo hakulitaka kabisa. Aliniita pembeni kwa upole, akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu atalazwa juu ya sanduku la spana?" Nikamwambia, "Mama, nipe wiki moja, usiporidhika narudi nalo geraji siku hiyo hiyo." Sikumbishia, maana hofu yake ilikuwa ya haki. Na kwa sababu yake ndipo nikafanya jaribio ambalo sasa namsihi kila mtu alifanye kabla mtoto hajawekwa juu.

Jaribio ni hili. Droo zote tupu. Nikaweka juu kiroba cha unga cha kilo 10, ambacho ni kizito kuliko mtoto wa miezi sita. Nikafungua droo ya juu, toroli limetulia. Nikafungua ya pili nikaigandamiza kwa mkono, bado. Nikafungua ya tatu nikagandamiza tena, magurudumu ya nyuma yakanyanyuka kutoka sakafuni. Yakanyanyuka, jamani, nayaona kwa macho yangu! Kuna matoroli yana kifungo cha ndani, ukifungua droo moja nyengine zinakataa. Hilo ndilo la kutafuta. Langu halina. Kwa hiyo droo ya chini kabisa nimeijaza vitu vizito, sabuni za akiba, chupa za maji, na spana zangu kubwa ambazo sizitumii mara kwa mara, zimefungwa kwenye gunia safi. Nikarudia jaribio na droo tatu wazi, na safari hii halikunyanyuka. Hata hivyo sharti la nyumba ni droo moja kwa wakati mmoja, na toroli liegemee ukuta.

Kuegemea ukuta kuna sababu nyengine. Tizameni hizi breki. Nakanyaga, "tap", gurudumu limegoma kuzunguka. Lakini nikilisukuma toroli ubavuni, angalieni, linacheza. Breki imeshika gurudumu tu, ile shingo yake bado inageuka. Magurudumu mengi ya aina hii ndivyo yalivyo. Yako yanayofunga vyote viwili, na kama unanunua jipya uliza hayo. Sisi tunalikita kwenye kona ya kuta mbili, breki chini, halisogei.

Sakafu yetu ni ya marumaru, linakwenda kama maji. Vizingiti ndiyo tabu, lazima uinue upande mmoja, na mama mwenye mshono asiinue, aite mtu. Dada yangu anakaa Mji Mkongwe, nyumba ya zamani, sakafu ya juu ni ya boriti na chokaa. Alitaka nimtengenezee kama hili. Nilikwenda na toroli jengine tupu kujaribu, nikaliachia katikati ya chumba, likaondoka lenyewe taratibu mpaka mlangoni. Nikamwambia dada, kwako hapana, tutafunga ubao kwenye meza ya miguu minne.

Kuna vitu vidogo ambavyo vimenishangaza kwa uzuri. Ubavu wa chuma unashika sumaku. Ile taa yangu ya sumaku ninayoinata ndani ya boneti, sasa inanata hapa, inatizama chini, mwanga haumpigi mtoto machoni. Umeme ukikatika saa nane usiku, mke wangu hababaiki kutafuta simu. Na hizi droo nyembamba za juu, zilizotengenezwa kwa bisibisi na soketi, zinapokea winda zilizokunjwa kana kwamba zimepimwa. Mafuta ya nazi na pini viko droo ya pili, mkono unakwenda bila macho.

Kelele ndiyo iliyotuudhi. Droo ya chuma ikijifunga usiku inapiga "kwaa!", na mtoto aliyekwisha kusinzia anaruka mikono juu. Nilikata vipande vya khanga kuukuu, nikavikunja mara nne, nikavigandisha kwa gundi nyuma ya kila droo. Sasa sikilizeni nikifunga... mmesikia? Hata mimi niliyeko hapa karibu sijasikia kitu.

Kutu nayo msiidharau. Hewa ya bahari na winda mbichi havipatani na chuma. Mwezi wa pili wa kulitumia niliona alama ya kahawia kwenye pembe ya chini, pale ambapo rangi ilikwisha kukwaruzika zamani kwa jeki. Nililitoa nje, nikapasafisha, nikapaka rangi ya mafuta, na halikurudi ndani mpaka harufu ilipokwisha kabisa. Ndoo ya winda chafu tumeihamisha, haikai tena karibu nalo. Chetezo pia kinakaa mbali. Mkwe wangu anapenda kumfukizia mtoto nguo udi, na makaa hayana biashara karibu na pampasi na sponji.

Kwa gharama, toroli nilikuwa nalo tayari, la mtumba. Mbao, fundi, sponji na gundi vimenitoka shilingi 70,000. Ingekuwa nalinunua jipya kwa ajili ya mtoto tu, nisingelinunua. Pesa hiyo seremala angekutengenezea meza nzuri ya mbao yenye kingo, na magurudumu ukitaka. Lakini kama wewe ni fundi unalo, au jirani yako analo limekaa, litakufaa sana, hasa kwa mama aliyefanyiwa operesheni. Yale mepesi ya waya yenye trei tatu msiyatumie kwa mtoto. Hayana uzito chini, na ukiyaegemea yanayumba.

Halitufai milele. Juu urefu wake ni sentimita 68, na mtoto wa miezi sita anafika kama 66, kichwa na miguu vitakaribia kugusa kingo. Akianza kujivuta asimame, droo zitakuwa ngazi yake. Hapa pembeni pana kitasa kimoja kinachofunga droo zote pamoja, na ufunguo wake nimekwisha kuupata, nilikuwa nimeupoteza tangu nilipolinunua. Mkienda kununua, ulizeni ufunguo kwanza, kisha fungueni kila droo mpaka mwisho, na breki mzikanyage kwa mguu wenu wenyewe.

Inshaallah akifika miezi sita nafungua hizi bolti nane, toroli linarudi geraji, ubao na godoro vinakwenda kwa dada Mji Mkongwe. Yeye anatarajia mwezi wa Rajabu.