Vivuko vya Basel: kuvuka Rhine bila injini

Mjini Basel, Uswisi, mto Rhine una vivuko vinne vidogo vya mbao ambavyo, tangu cha kwanza kilipoanza kazi mwaka 1854, huvusha abiria kwa nguvu ya mkondo wa maji pekee. Ninachokipendelea ni Leu, kilicho chini ya kanisa kuu: nahodha huhamishia kamba ubavu wa pili, hugeuza usukani, na chombo, kikiwa kimeshikiliwa na waya wa chuma uliovutwa juu ya mto, huondoka taratibu, pasipo moshi wala mngurumo, huku maji yakisikika yakipiga mbao. Mwenye haraka, kwa maoni yangu, apite daraja la Mittlere Brücke. Mto ukifurika huduma husitishwa, na ni haki.