Fulana za ndani za baridi katika mitumba ya Mlango Mmoja
Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani usiku wa giza, upepo wa nchi kavu ukivuma kuelekea majini, anahitaji nguo ya ndani inayohifadhi joto hata ikilowa. Ndiyo maana nililinganisha fulana za mikono mirefu zinazouzwa katika soko la Mlango Mmoja, jijini Mwanza. Ya pamba ni laini na nafuu, lakini siipendekezi, kwa kuwa hunyonya jasho na maji ya mawimbi, ikagandamana na mwili na kukupoza hadi alfajiri. Ya poliesta hukauka upesi, ingawa hushika harufu ya dagaa kiasi ambacho sabuni ya mche haifui dafu (wa nyumbani watakueleza). Bora kuliko zote ni ya sufu ya kondoo wa merino, ambayo nyuzi zake hufyonza unyevu bila kupoteza joto lote, wala hainuki haraka. Kabla ya kulipa, imulike juani utafute matundu ya nondo, kisha uhakikishe kwamba inakaa karibu na ngozi bila kukuzuia kuvuta nyavu. Koti la mvua huvaliwa juu yake, na jaketi okozi juu ya yote.