Saini ya MAVLink 2 kwenye kundi la droni: kufuli imara, ufunguo mmoja kwa wote

Droni kumi za ArduPilot (programu huria ya kuongoza droni) zinazoongozwa kwa redio ya telemetria, yaani ya kubadilishana taarifa na amri na kompyuta ya ardhini, isiyo na saini ni nyumba isiyo na mlango. Mwenye redio ya aina hiyo iliyopangwa kwa masafa na namba ya mtandao ileile anaweza kuziamuru zitue. Saini ya MAVLink 2, lugha ambayo droni na kompyuta ya ardhini huwasiliana kwayo, inaziba pengo hilo bila kununua kifaa. Kila ujumbe huongezewa baiti 13: 1 ya namba ya njia, 6 za muda, 6 za saini yenyewe, inayokokotolewa kwa SHA-256 (kanuni ya kihesabu ya kutengeneza alama ya ujumbe) pamoja na ufunguo wa siri wa baiti 32. Kundi likiwa kubwa na redio ya kasi ndogo, mzigo huo unaonekana. Punguza taarifa zisizo za lazima.

Uhodari wake uko kwenye zile baiti za muda. Huhesabiwa kwa vipande vya maikrosekunde 10 tangu Januari 1, 2015, na ujumbe wenye muda wa nyuma kuliko uliotangulia hutupwa. Kunasa amri na kuirusha tena hakufui dafu. Ila kompyuta ya ardhini ambayo saa yake imerudi nyuma nayo hukataliwa, kwa hiyo sahihisha saa kabla ya kuruka.

Ufunguo upachike kwa kebo ya USB, droni moja moja, kwa sababu SETUP_SIGNING, ujumbe unaoupeleka ufunguo kwenye droni, huubeba ukiwa wazi. Kumbuka pia kwamba ArduPilot hupokea ujumbe usio na saini kupitia USB: aliyeishika droni mkononi hazuiwi.

Kasoro ni mbili. Saini haifichi kitu, hivyo mahali ilipo kila droni husomeka na yeyote. Na kundi zima likishiriki ufunguo mmoja, droni moja ikiibwa, zote zimeibwa.

Hatari isiyozungumzwa sana ni ya usalama wa angani. Ukibadili kompyuta katikati ya safari na ufunguo usilingane, ishara za uhai kutoka ardhini hukataliwa. FS_GCS_ENABLE (mpangilio wa nini droni ifanye ikipoteza kompyuta ya ardhini) ikiwa 1, baada ya sekunde 5 hivi kundi zima hugeuza kurudi nyumbani, na kimo cha chini kabisa cha kurudi kisipobadilishwa ni mita 15 kwa zote. Hapo zinaweza kugongana. Ipe kila droni RTL_ALT yake (mpangilio wa kimo hicho), ikipishana na jirani kwa mita kadhaa.

Kisha vua rafadha zote, utume amri ya kuwasha mota kwa redio kutoka kompyuta isiyo na ufunguo. Mota zikizunguka, saini haijawaka.