iNaturalist na vunjajungu: jina la kwanza lisikudanganye

Ukiipa programu hii ya kutambua viumbe picha moja ya vunjajungu iliyopigwa kutoka juu, italeta jina papo hapo. Usilipokee bado. Mgongo hauna mengi ya kusema, na rangi ndiyo kabisa: spishi moja huwa na wa kijani na wa kahawia. Hata macho hugeuka meusi usiku, kwa hiyo nayo si alama.

Alama zenyewe zimejificha. Mantis religiosa ana doa jeusi, mara nyingi lenye kitovu cheupe, upande wa ndani wa nyonga ya mguu wa mbele. Tenodera sinensis na T. angustipennis hufanana mno mpaka utazame kifuani, katikati ya miguu ya mbele: wa kwanza ana doa la manjano, wa pili la rangi ya chungwa. Basi pakia picha nne katika rekodi moja: mwili mzima, uso, ndani ya mguu wa mbele, na tumbo kwa chini. Njia rahisi ni kumweka kwa muda kwenye chupa safi ya kioo na kupiga kutoka chini, bila flashi, maana mwako wake kwenye kioo hufuta miiba na madoa. Tumboni hesabu bamba, yaani pingili zinazoonekana: jike huonyesha 6, dume 8.

Tunutu, yaani vunjajungu wachanga, huisumbua programu kuliko wote. Hawana mabawa kamili, na alama nyingi za aliyekomaa hazijatokea. Hapo chagua jenasi (kundi la spishi za karibu), au Mantodea tu (oda ya vunjajungu wote), usilazimishe spishi. Hakikisha pia si mantispidi, mdudu mwenye miguu ya mbele kama ya vunjajungu lakini mabawa angavu yenye mishipa mingi, yaliyokunjwa kama paa la nyumba.

Rekodi hupanda hadi “kiwango cha utafiti”, daraja la kuaminika zaidi, zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi (watumiaji wanaoitaja spishi) wakikubaliana, na wawili wanatosha. Huo ndio udhaifu wake mkubwa: wa pili huweza kubofya tu pendekezo lile lile la kompyuta. Soma maelezo waliyoandika. Asiyetaja doa wala bamba hajakuongezea kitu.

Seek, programu ndugu ya iNaturalist, haihitaji akaunti na hutambua moja kwa moja kwenye kamera. Kwa vunjajungu, itumie kufikia jenasi, kisha uhamie iNaturalist.