TAHADHARI: Anayeuza "gobore la mapambo" hapa Nairobi. Letu lilikuja limeshindiliwa

Ndugu zangu mnaofanya michezo ya kuigiza, filamu na video za nyimbo hapa Nairobi, someni hii kabla ya kutuma pesa popote. Kuna mtu anauza magobore, zile bunduki za kale za kupakiwa baruti mdomoni, mtandaoni kwa jina la mapambo. Anasema yamekufa, hayalipuki tena, ni ya kutundika ukutani au kupigia picha. Sisi tulinunua moja. Lilikuwa na baruti na gololi ndani, na jioni nzima tulilifyatulia fataki, vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti, tukidhani tunalitengeneza.

Kikundi chetu kinaandaa mchezo wa vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gazi, pwani ya Kenya, na Waingereza, 1895 hadi 1896. Zama hizo pwani ilijaa magobore. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kupakiwa nyuma, yale ya kupakiwa mdomoni yaliuzwa Afrika kwa maelfu, mengi yakipitia Unguja. Mwelekezi wetu alitaka watazamaji waone chuma halisi, wasikie na fataki ikilia. Mimi ndiye mtunza vifaa, kazi ya kutafuta ikawa yangu.

Nikalikuta tangazo. Picha sita, gobore limelazwa juu ya zulia jekundu lenye maua meupe, na maelezo kwamba ni la babu yake kutoka Lamu. Ubavuni lina taji na neno TOWER, ile alama ya bunduki za jeshi la Uingereza. Alianza na elfu sitini na tano, tukashukishana hadi elfu thelathini na nane. Niliuliza kuhusu kibali. Akanijibu, "Mkubwa, hiyo ni mapambo tu, haihesabiwi." Nikamwamini, na hapo kosa ni langu. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa la kwenye tangazo. Alisema ni laini ya mke wake. Mzigo ukaletwa na mtu wa boda, umefungwa kwa gunia na leso mbili, pamoja na kichupa cha vitamini chenye fataki ishirini. Muuzaji mwenyewe hatukumwona hata siku moja.

Kwa asiyelijua gobore la fataki: unamimina baruti mdomoni, unatia gololi, unashindilia kwa fimbo iitwayo mdeki. Nyuma, chini ya nyundo, kuna chuchu ya chuma yenye kitundu chembamba. Juu ya chuchu unavisha fataki, kikombe cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi. Nyundo ikigonga, fataki inalipuka na moto wake unapita kitunduni hadi kwenye baruti. Njia hiyo ikiziba popote, utasikia fataki tu, na bunduki itanyamaza.

Letu lilinyamaza. Tulikuwa nyuma ya ukumbi wetu wa mazoezi huku Eastlands, uani, mdomo wa gobore ukielekea ukuta wa mawe. Kipigo cha kwanza, kimya. Cha pili, fataki ikalia, moshi kidogo ukapanda. Fataki ya pili ikafanya vilevile: kipigo cha kwanza bure, cha pili ndiyo. Sasa najua maana yake. Fataki hazikuwa saizi ya ile chuchu, hazikukaa hadi chini, kwa hiyo nguvu ya kipigo cha kwanza iliishia kuzisukuma. Tulikuwa tukizibana kwa vidole zisidondoke.

Nikampigia muuzaji. Alipokea haraka, sauti ya upole, akaniambia nishike kipande cha gazeti mbele ya mdomo wa gobore kisha nifyatue. Karatasi ikitikisika, njia iko wazi. Kipimo hicho ni cha kweli, wenye magobore wamekitumia miaka mingi, wengine kwa jani la nyasi. Lakini ni cha gobore ambalo umeshahakikisha ni tupu, na hilo hakulitaja. Kijana wetu mmoja akashika gazeti kwa ncha ya fimbo, amesimama kando. Fataki ikalia. Karatasi haikutikisika.

"Imeziba kwa mafuta," muuzaji akasema. "Piga nyingine, piga hata tano, moto utafungua njia."

Hapa ndipo nataka kila mtu asimame. Karatasi isipotikisika kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kitundu kilichoziba, kwa kutu, mafuta au masizi. Ya pili ni kwamba kuna kitu kimekaa ndani ya mtutu kati ya kitundu na mdomo, na kitu hicho huenda ni baruti iliyoshindiliwa na gololi juu yake. Kwa nje dalili ni moja. Yule mtu alitufundisha kuendelea kurusha moto kuelekea mahali ambapo hajui kuna nini, au anajua. Tukapiga mbili zaidi.

Aliyetuokoa ni baba wa mwigizaji wetu mmoja, mzee aliyestaafu jeshini, alikuja kumchukua binti yake. Alisikia mlio akaja uani. Hakupaza sauti. "Mwanangu, liweke chini, mdomo ukutani. Wengine wote rudini ndani." Tukasema ni la mapambo. Akasema, "Umelipima?" Nikasema tumepima kwa gazeti. Akatikisa kichwa.

Akasubiri kwanza. Dakika mbili nzima tumesimama bila mtu kugusa kitu, kwa sababu baruti inaweza kushika moto polepole na bunduki ikalia muda baada ya fataki. Kisha akaondoa mabaki ya fataki kwenye chuchu, akashusha nyundo kwa kidole gumba, akaomba ufito mwembamba wa mbao. Tukampa ule wa bendera ya jukwaani. Akasimama ubavuni, uso na mwili mbali na mdomo, akauteleza ufito ndani hadi ukagota, akaweka alama ya chaki pale mdomoni. Akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje, chaki ikilingana na mdomo. Ncha ya ufito ilipaswa kufika karibu na chuchu. Iliishia vidole vinne kabla.

Vidole vinne. Nilivihesabu mwenyewe kwa macho, na mate yakanikauka mdomoni. Kijana aliyeshika gazeti alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Mzee akanionyesha na jambo la pili kwa tochi ya simu. Upande wa chini wa mtutu kulikuwa na mstari mwembamba ulionyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Ni mshono. Mtutu ule ni bomba la maji. Lile taji na TOWER vilichongwa juzi, herufi zimepinda, na ndani ya michoro chuma bado kinameta wakati kwingine kote kumepakwa oili ya injini lionekane la kale. Oili hiyohiyo ndiyo iliyotiririka hadi kwenye kitundu na kulowesha baruti ya nyuma. Kwa hiyo muuzaji hakudanganya aliposema kuna mafuta. Mafuta ndiyo yaliyotuweka hai. Kama tungemfuata hadi mwisho, tukalisafisha vizuri, tukakausha njia kisha tukafyatua, bomba la maji lingepasuka karibu na uso wa mtu, au gololi zingetoka, na ukuta ule wa mawe ungezirudisha kwetu.

Kuna watakaosema baruti ya miaka mingi imeshaoza. Haiozi. Baruti nyeusi ikikaa pakavu hudumu muda mrefu mno, na yapo magobore ya karne ya 19 yaliyokutwa kwenye madari na majumba ya kumbukumbu yakiwa bado yameshindiliwa. Letu hata la zamani halikuwa. Mtu alilitengeneza, akalipakia, likauzwa.

Tulipiga 999. Maafisa walikuja na mtaalamu wao wa silaha, hawakuturuhusu kuligusa tena, wakalichukua. Siku iliyofuata niliitwa kituoni kuandikisha taarifa. Nikaambiwa ndani mlikuwa na gololi mbili za madini ya risasi na vipande vya misumari. Nikaambiwa pia, bila kufichwa, kwamba Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inadai cheti cha kumiliki silaha, na cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Neno "mapambo" kwenye tangazo halimkingi mnunuzi. Nimetoka na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo maishani. Kama tusingepiga simu wenyewe, ningekuwa nawaandikia maneno mengine.

Ikiwa tayari unalo, tafadhali usijaribu kulitengeneza. Usisukume waya kwenye kitundu, usimimine mafuta ya taa, usichomeke mdeki ukiwa umeinama juu ya mdomo kuchungulia. Hata kile kipimo cha ufito nimekisimulia mjue kilichotokea, kilifanywa na mtu aliyezoea silaha. Wewe lielekeze pasipo na watu, toa watu karibu, usilibebe kwenye matatu wala boda kulipeleka kituoni, piga 999 au 112 wao walifuate. Yeyote atakayekwambia kwa simu "piga nyingine" kata simu.

Pesa zetu hazikurudi. Nilipompigia muuzaji usiku ule alisikiliza hadi nikafika kwenye vidole vinne, akakata. Asubuhi tangazo lilikuwa limeondolewa. Juzi mwenzetu wa kikundi kingine amenitumia tangazo jipya, jina jingine, bei elfu arobaini na tano, safari hii ni la babu kutoka Kilwa. Picha ni sita, na gobore limelazwa juu ya zulia jekundu lenye maua meupe. Kona ya chini kushoto zulia limeungua kwa pasi, pembetatu ya rangi ya kahawia. Nimeipeleka picha hiyo kituoni pamoja na namba yetu ya OB. Ukiona zulia hilo, usilipe, hifadhi picha, kisha ipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe.